DOKTA, DUKA NA JUKWAA
Kutoka wodini hadi kaunta ya famasi, na kutoka kaunta hadi kuomba kura. Je, koti jeupe linaweza kuvaliwa juu ya shati la kampeni?

Ukiingia Singida mjini kwa basi anayekupokea kwanza ni upepo. Halafu unaona yale mawe makubwa yaliyokaa kama yamepangwa na mtu, halafu Ziwa Singidani linameremeta pembeni, halafu vijana wanakimbilia dirishani na kuku wa kienyeji na madumu ya mafuta ya alizeti. Ukishashuka na kujinyoosha mgongo, tembea kidogo mitaa ya katikati ya mji. Utaona maduka ya nguo, ya vifaa vya ujenzi, ya simu. Na utaona famasi.

Ingia mojawapo. Nyuma ya kaunta kuna mtu. Inawezekana ni mfamasia mwenye shahada, inawezekana ni dada aliyesomea uuguzi, inawezekana ni mpwa wa mwenye duka aliyeshika nafasi kwa dakika kumi wakati mwenyewe amekwenda kula. Mteja mwenye umri wa bibi yako anaingia, anaegemea kaunta, anasema: "Dokta, mgongo huu."

Kwetu sisi ndo hivyo. Anayeshika dawa ni dokta. Mganga msaidizi wa zahanati ni dokta, tabibu ni dokta, muuza vidonge ni dokta. Na yule aliyekaa chuoni miaka mitano pale Muhimbili, akamalizia na mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, naye ni dokta tu, hana jina la ziada. Labda ndiyo maana huwa hatushangai akitoka wodini na kuhamia dukani. Kwa macho ya bibi yule, hajahama popote.

Mshangao huanza pale picha yake inapobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Makala hii inamhusu huyo. Daktari aliyegeuka mfanyabiashara wa dawa, halafu akageuka mwanasiasa. Singida, Tabora, Dodoma, popote pale utamkuta. Sitamtaja mmoja wa mtaani kwako, usihangaike kukisia. Tumwite Dokta, inatosha, na mke wake tumwite shemeji. Nimewabuni hao wawili ili tuelewane. Sheria, miaka na viongozi nitakaowataja ni vya kweli.

ZAMANI ILIKUWA HAIWEZEKANI

Vijana wa leo wanaiona safari hiyo kama kawaida tu: umesoma, umepata mtaji, umejulikana, gombea. Wazee wao wanajua kwamba kuna wakati hatua mbili kati ya hizo tatu zilikuwa zimefungwa kwa kufuli.

Kufuli la kwanza lilikuwa Azimio la Arusha, mwaka 1967. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo mtu mwenye famasi ya maana asingepanda jukwaani kirahisi, na aliyeko jukwaani asingefungua famasi ya maana. Unachagua kimoja.

Kufuli la pili lilikuja mwaka 1977, ilipotungwa sheria ya hospitali binafsi. Daktari hakuruhusiwa tena kutibu kwa ajili ya faida. Ulitibu serikalini, kwenye hospitali ya mashirika ya dini au mashirika mengine yaliyokubaliwa, basi. Kwa mkoa kama Singida hilo halikubadilisha mambo sana, maana huku matibabu yalikuwa ya serikali na ya wamisionari tangu mwanzo. Hospitali ya Makiungu ilianzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954. Walutheri walikuwa Iambi na Kiomboi. Baadaye kule Itigi ikaja Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi. Mtu wa Iramba au Manyoni akisema "nimetibiwa vizuri" mara nyingi anamaanisha sista au mchungaji alikuwa karibu.

Daktari mwenye ndoto za biashara enzi hizo alihitaji moyo. Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya kina mama aliyefundisha na kutibu Muhimbili, alifungua hospitali yake Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1987, akishirikiana na mke wake. Jina la mwanzo la hospitali ile lilikuwa Mission Mikocheni. Miaka kumi baadaye, 1997, wakaanzisha chuo kikuu cha tiba. Yeye alifariki 1999, na chuo leo kina jina lake. Nimemtaja kwa sababu moja tu ya upande wetu wa mahusiano: waliomfahamu hawasimulii habari ya Kairuki bila kumsimulia mama Kairuki, aliyebaki akiiendesha kazi ile baada ya mumewe. Tutarudi kwenye hilo la wake.

Mwaka 1991 kufuli zote mbili zilifunguliwa, karibu kwa wakati mmoja. Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar mwezi Februari na kulegeza masharti ya uongozi. Ndiyo hayo watu wanayaita Azimio la Zanzibar, wengine kwa kulisifu na wengine kwa kulisonya. Na sheria ya 1977 ikafanyiwa marekebisho, madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali na zahanati zao kwa kibali. Mwaka 1992 vikaja vyama vingi. Mwaka 1993 serikali ikaanza uchangiaji, yaani mgonjwa akaanza kutoa hela hospitalini, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Bohari ya Dawa, MSD.

Weka mambo hayo pamoja uone. Daktari anaruhusiwa kufanya biashara, mgonjwa anazoea kulipa, mfanyabiashara anaruhusiwa kuongoza, na vyama vinatafuta watu wenye jina na mfuko. Dokta wetu alizaliwa hapo. Si tamaa yake peke yake iliyomzaa, kama wasemavyo barazani.

KILICHOMTOA WODINI

Sasa tuseme Dokta amepangiwa hospitali ya wilaya. Amekuja na begi moja na cheti. Watu wanamwamkia hata waliomzidi umri. Wazazi wa wasichana wanamuulizia kwao ni wapi. Mwezi wa kwanza raha.

Mwaka wa tatu ameshachoka. Zamu za usiku haziishi. Kichanga cha mwisho alichokipoteza kilihitaji damu ambayo haikuwepo. Mshahara unaingia tarehe fulani na kuondoka tarehe hiyohiyo. Na kila siku anaandika cheti, anampa mgonjwa, mgonjwa anakwenda dirisha la dawa, anarudi na neno ambalo kila Mtanzania analijua: "Dawa hakuna, kanunue nje."

Nje ni wapi? Nje ni lile duka lililo ng'ambo ya barabara.

Mimi mwenyewe niliwahi kupewa cheti cha namna hiyo, hospitali sitaitaja. Daktari hakuniambia tu kanunue nje. Aliniambia kanunue kwa fulani, akaninyooshea kidole kabisa. Nikaenda. Dawa ilikuwepo, na bei yake ilikuwa ya mtu aliyejua kwamba nakuja. Nililipa. Mtoto anaungua homa utafanyaje? Lakini mpaka leo nikikumbuka kile kidole najisikia vibaya, na sijui kama kwa kweli alikuwa anapata chake au alikuwa ananisaidia tu nisizunguke mji. Hilo la kutokujua ndilo baya.

Hapo ndipo jaribu lilipo, na sitaki tuzunguke. Daktari anayeandika cheti asubuhi na kumiliki kaunta inayosoma cheti hicho mchana ana mikono miwili kwenye mfuko mmoja. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Wapo. Lakini hatuwezi kumuona uaminifu wake, tunaona duka tu. Kwa hiyo daktari mwenye akili, akitaka kuuza dawa, huacha kuandika vyeti. Anavua koti. Na kuvua koti kunauma kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyezoea kuitwa saa nane usiku kuokoa mama na mtoto, leo anabishana na mteja kuhusu chenji ya mia tano.

KAUNTA INA ADABU YAKE

Wengi hudhani kuuza dawa ni kuuza tu. We acha.

Kwanza, Dokta si mfamasia. Famasi inatakiwa isajiliwe na iwe na mfamasia aliyesajiliwa kama msimamizi, na Baraza la Famasi, ambalo sasa linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011, halisikilizi hadithi ya kwamba mwenye duka alikuwa daktari mzuri sana. Wafamasia mikoani hawakuwa wengi. Miaka ya nyuma ilikuwa si ajabu cheti cha mfamasia kuning'inia ukutani huku mwenye cheti hajawahi kuuona mji huo.

Pili, kulikuwa na maduka ya dawa baridi, yale yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti. Kiukweli mengi yaliuza kila kitu. Mwaka 2003 ikaundwa TFDA, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, na mwaka huohuo wa 2003 likaanza jaribio mkoani Ruvuma: wauzaji wapelekwe mafunzo, duka likaguliwe, ndipo liruhusiwe kuuza pia baadhi ya dawa za cheti kama antibaiotiki. Hayo ndiyo Duka la Dawa Muhimu unayoyaona leo hadi vijijini, yalisambaa Tanzania Bara yote miaka iliyofuata. Lilikuwa wazo la Kitanzania lililoigwa hadi Uganda na Liberia. Tunapenda kujidharau, kwa hiyo nimeona niliseme.

Tatu, mzigo. Mzigo unatoka Dar, kama kilometa 700. Unaukagua, unaulipia, unaombea usikae kwenye jua. Kisha unaomba serikali isibadilishe dawa. Wafanyabiashara wa dawa wa umri fulani ukiwatajia malaria watakusimulia vizuri. Mwaka 2001 klorokwini ikaondolewa, malaria ilikuwa imeshaizoea. Ikaja SP, watu wakaiogopa, wakasema inababua. Ilipoanza kuaminika, mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007, ikaja dawa ya mseto. Ndani ya miaka sita mtu aliyekuwa na makopo ya klorokwini stoo, halafu maboksi ya SP, alijikuta mara mbili na mali ambayo mwongozo wa taifa umeipa kisogo. Cherehani ikipitwa na wakati utauzia fundi wa kijijini. Dawa unaiteketeza, na kuiteketeza nako kunataka kibali.

Na nne, daftari.

Singida ni mkoa wa alizeti, vitunguu, mtama, kuku na ng'ombe. Hela ipo baada ya mavuno. Kuanzia Desemba mpaka mahindi mabichi yatoke, hela imejificha, lakini malaria na vichomi vya watoto viko kazini, maana ndiyo mvua zenyewe. Mama anasimama kaunta na mtoto anayehema harakaharaka. Hana kitu. Anasema: "Nikivuna alizeti nitakuletea." Mfanyabiashara wa vitenge atasema hapana na kulala usingizi. Dokta alikula kiapo. Anachukua peni, anaandika jina, kijiji, dawa, kiasi.

Baada ya miaka saba lile daftari limekuwa matatu. Wengine wamelipa, wengine wamelipa kwa kuku. Wengine wamekufa na deni lao. Shemeji, ambaye ndiye anayekaa kaunta siku nyingi kwa sababu Dokta yuko safari za mzigo, anayajua yale majina kama tasbihi.

HALAFU WATU WAKAANZA KUMWAMBIA "GOMBEA"

Inaanza kama utani kwenye msiba. "Wewe Dokta, watu wanakupenda." Halafu wazee wawili wanakuja nyumbani jioni, wanakataa chai, dalili kwamba jambo ni zito.

Madaktari na siasa hapa kwetu si jambo geni. Kabla ya Nyerere, mwaka 1950, rais wa TAA alikuwa daktari, Vedasto Kyaruzi, kijana wa Bukoba aliyesomea Makerere. Serikali ya kikoloni ilimhamishia Kingolwira, kisha ikampeleka Nzega. Nzega! Jirani zetu hapo tu ukishavuka Sekenke na Igunga. Ilikuwa njia ya kumweka mbali na Dar es Salaam, kwani daktari wa serikali akipewa uhamisho atakataaje? Ukweli kwamba alikuwa mtumishi ndio ulikuwa kamba shingoni. Uhuru ulipokuja akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika Umoja wa Mataifa.

Miaka sitini baadaye, 2010, jimbo hilohilo la Nzega likampeleka bungeni daktari mwingine, Hamisi Kigwangalla, aliyekuwa pia na biashara zake. Akawa naibu waziri wa afya 2015, na 2017 waziri wa maliasili na utalii hadi 2020. Hussein Mwinyi, daktari, aliingia bungeni mwaka 2000 kupitia Mkuranga, akawa waziri wa afya, na tangu Novemba 2020 ni Rais wa Zanzibar. Nje ya mipaka yetu, Hastings Kamuzu Banda aliwatibu watu London na Kumasi kabla ya kurudi Malawi mwaka 1958. Huyo ndiye mfano wa tahadhari: daktari, kisha rais, kisha mmiliki wa Press, kampuni iliyoshika sehemu kubwa ya uchumi wa nchi nzima. Alianzia hatua ya pili mwishoni, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Kwa upande wa wafanyabiashara, Singida haihitaji kufundishwa. Mohammed Dewji, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa mbunge wa Singida Mjini kwa miaka kumi, 2005 hadi 2015, kisha akaamua mwenyewe kurudi kwenye biashara. Na kwamba mkoa huu unaweza kumchagua mtu kwa hoja bila kuangalia duka lake, ulionyesha 2010 pale Singida Mashariki ilipompa kura mwanasheria Tundu Lissu wa CHADEMA.

Udaktari unasaidia kuchaguliwa? Kuchaguliwa, ndiyo. Kuongoza, tusiharakishe. Kumbuka 2012. Madaktari waligoma mwezi Januari, na mojawapo ya madai yao lilikuwa waziri wa afya na naibu wake waondoke. Waziri alikuwa Dk. Haji Mponda, naibu Dk. Lucy Nkya. Wote madaktari! Mwezi Mei wakaachwa nje ya baraza, nafasi zikachukuliwa na Dk. Mwinyi na Dk. Seif Rashidi. Madaktari tena, na bado mwezi Juni mgomo ukarudi. Koti lilikuwa pande zote mbili za meza na halikuleta maelewano. Nilikuwa na ndugu amelazwa wakati ule. Sitaki kukumbuka.

TAKRIMA YA VIDONGE

Hapa sasa ndipo daftari linapoanza kunuka.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, eti ni ukarimu wa kiasili wa mgombea kwa wageni wake. Pilau, fulana, nauli, chumvi. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwa sababu vinampa mwenye hela nafasi ambayo maskini hana. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Haya, niambie. Dokta anayesamehe deni la dawa mwezi Agosti, wiki mbili kabla ya kampeni, anafanya nini? Ni huruma? Ni takrima? Akilisamehe Januari, hakuna wa kuuliza. Akilisamehe Agosti, ni rushwa ya wazi. Mama ni yuleyule, dozi ni ileile, mtoto alishapona zamani.

Na asiposamehe? Mpinzani wake atapita kijijini akisema: "Huyu anayewaomba kura ameandika majina yenu kwenye daftari." Na ni kweli, ameyaandika.

Mtu akishapata kiti, sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995 inamtaka atamke mali na madeni yake kila mwaka. Famasi itaandikwa. Stoo itaandikwa. Sidhani kuna sehemu kwenye fomu ile ya kuandika kwamba nusu ya kata moja inakudai shukrani.

SIRI ZILIZOKO KAUNTA

Kuna jambo ambalo wanasiasa wa kawaida hawana na Dokta analo. Anajua.

Anajua nani alikuja usiku kununua dawa za magonjwa ya zinaa, na mke wake hakujua. Anajua binti wa nani alikuja akilia. Anajua mwenyekiti gani ana kisukari na anakificha. Alipokuwa wodini aliwaambia watu majibu yao ya UKIMWI, enzi zile kabla ya 2004, dawa za kurefusha maisha zilipokuwa hazijaanza kutolewa bure, na kuambiwa majibu ilikuwa kama kusomewa hukumu. Baadhi yao wako hai, wamenenepa, na ni wajumbe wa mkutano wa kura za maoni.

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamkataza kutoa siri hizo, na kiapo chake kilimkataza kabla ya sheria. Dokta mwadilifu hatatoa hata tone. Lakini mwanasiasa si lazima aseme. Anaingia ukumbini, anasalimia kwa mkono, anamtazama mtu machoni sekunde mbili zaidi. Yule mtu atampigia kura kwa upendo au kwa woga? Hata yeye mwenyewe hajui.

Nimewauliza akina mama kadhaa swali hili: ungependa daktari aliyekuzalisha awe mbunge wako? Wengi walicheka kwanza. Mmoja akasema, "Ameshaniona nilivyopiga kelele, sasa nitamwambiaje barabara mbovu?" Mwingine akasema heri huyo, kwa sababu anajua umbali wa kutoka kijijini hadi chumba cha upasuaji. Nadhani wote wako sahihi, na wa pili kidogo zaidi.

NA NYUMBANI JE?

Tufike kwa shemeji, maana gazeti hili ni la mapenzi na familia, si la bajeti.

Mke wa daktari aliolewa na zamu za usiku. Alizizoea. Zilipokwisha, akaolewa na duka. Akajifunza majina ya dawa, akajua antibaiotiki ya mtoto na ya mtu mzima, akajifunza kusema "huyu mpeleke hospitali, mimi siuzi." Kama ni mwenye bahati, jina lake lipo kwenye leseni ya biashara. Wengi jina lao halipo popote. Tafadhali dada, leo jioni kaangalie.

Sasa anaambiwa aolewe mara ya tatu, na jimbo. Kutoka Singida hadi Dodoma si mbali, kama kilometa 240, lami tupu. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kuishia Juni mwishoni. Wakati huohuo alizeti inavunwa, wadeni wanakuja kulipa, mzigo mpya unatakiwa. Nani yuko kaunta? Yeye. Nani anapokea wageni wa mheshimiwa wanaofika saa kumi na mbili asubuhi, mmoja na ada ya shule, mwingine na sanda? Yeye. Na wakija wameshazoea kwamba hapo ni kwa dokta, hawatenganishi kabisa duka na ofisi ya mbunge. Wanaegemea kaunta ileile. "Mama, mheshimiwa alisema nichukue." Anachukua. Mwisho wa mwezi hesabu hazikutani.

Famasi nyingi za waheshimiwa zinafia hapo. Hakuna wizi wowote, ni upole na kukosa mtu wa kusema hapana. Halafu miaka mitano inapita haraka. Mwaka 2020 CCM peke yake walijitokeza zaidi ya watu 10,000 kuomba kuteuliwa kugombea ubunge. Elfu kumi! Mtu anaangushwa kwenye kura za maoni na kijana aliyemaliza chuo juzi, anarudi nyumbani, anakuta rafu zina vumbi na mfamasia amehamia Dodoma. Leseni ya udaktari hakuihuisha. Wodini hawezi kurudi kesho.

Mwanamke mmoja aliyepitia maisha ya aina hiyo, si wa mkoa huu na jina lake nimeahidi kulificha, aliniambia kitu kimoja tu nilichokiandika. Usiku wa kuamkia siku ya kuchukua fomu, mumewe alikuja na wazo la kuchoma madaftari ya madeni nyuma ya nyumba, wafungue ukurasa mpya. Yeye akakataa. Akamwambia: "Ukiyachoma watasema umewahonga. Ukiyaacha watasema umewaandika. Nipe mimi."

Akayafunga kwenye khanga, akayapeleka kwa mama yake mzazi, wilaya nyingine. Uchaguzi ukaisha. Mwezi uliofuata, mtu wa kwanza kuingia dukani alikuwa mzee mmoja na kuku wawili wamefungwa miguu. Alikuja kulipa deni la mwaka juzi, na akaomba aone jina lake likikatwa kwa peni mbele ya macho yake.

Ikabidi mama atume mtu kwenda kuyafuata madaftari.